Mapigo Mia na Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa Papa Philémon aliitwa akiwa misani. Hakuitwa na Mungu, ambaye alikuwa na watu wake wengine. Aliitwa na hospitali. Gaston, planton, yaani tarishi wa hospitali, mtu mfupi mwenye koti la kaki lililomzidi mabega, aliingia kanisani Cimpunda, mtaa wa Bukavu, padri akiwa katikati ya mahubiri, akapita kando ya ukuta kwa ncha za vidole kama anayeogopa kuamsha mtoto, akafika benchi la tatu upande wa wanaume, akainama.

"Papa Philémon, banakuita. Mushipa imepotea."

Papa Philémon hakuruka. Alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakiweka mfuko wa ndani, akapiga goti polepole, akafanya ishara ya msalaba bila kuruka pembe hata moja, kisha akatoka kwa mlango mkubwa wa katikati, ingawa ule wa pembeni ulikuwa karibu zaidi na mgonjwa. Waumini walimsindikiza kwa macho. Padri alingoja kidogo. Upande wa wanawake, mke wake Rosalie alitengeneza kikwembe ambacho kilikuwa sawa tangu asubuhi.

Kazi yake ilikuwa kulaza watu usingizi katika chumba cha operesheni cha hospitali ya misheni, kule juu, na kuwaangalia wasilale moja kwa moja. Lakini jina lake halikutoka hapo. Lilitoka katika mishipa. Alipoletwa mtoto aliyekaushwa na kuhara, au mama aliyemwaga damu njia nzima, wauguzi vijana walitafuta pa kuingizia serumu, yale maji ya chupa, wakachoma mkono wa kulia, wakachoma wa kushoto, wakalaumiana, na mwisho mmoja akasema waziwazi neno ambalo wote walikuwa wanalikwepa: "Muite Papa Philémon."

Naye alikuja, akanawa mikono, akafunga mpira juu ya kiwiko, akafumba macho. Alitafuta kwa vidole tu, kwa sababu macho, alisema, yanadanganywa na ngozi. Vidole vikishindwa, alishuka kwenye kifundo cha mguu, upande wa ndani, mahali ambapo kuna mshipa mmoja usiohama kwa mtu yeyote. Alipasua kidogo, akaunyanyua mshipa kwa uzi, akauingizia mrija. Dakika ishirini, wakati mwingine thelathini. Hakuna aliyelalamika kwamba ni nyingi, kwa kuwa hakuna aliyejua njia nyingine.

Mwaka wa 1972 serikali, iliyokataza majina ya Kizungu na tai, ilimvua jina la Philémon ikamwachia la Mugaruka, na tai yake ikaondoka pamoja na jina. Alivumilia yote mawili. Watu walioishiwa damu waliendelea kumwita Philémon, wala hakuna kiongozi wa chama aliyekuja kuwakosoa wakiwa katika hali ile.

Halafu, mwaka wa 1981, akaja Emérence.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mtoto wa karani wa mtaa wa Nguba, kutoka nyumba ambayo bustani yake inaishia ziwani. Alitoka Kinshasa na diploma ya miaka mitatu ya kazi hiyo hiyo ya kulaza watu usingizi, na sanduku la mbao. Papa Philémon alimtafutia kasoro tangu siku ya kwanza, na kasoro ya kwanza aliyoiona ni kwamba hazikuonekana. Alisalimia wakubwa kabla ya wadogo. Alisema "Papa" mwanzoni mwa kila sentensi. Alifika kabla ya saa. Mtu wa namna hiyo hukupa kazi ngumu sana ya kumchukia.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kengele ndogo nzito ya chuma, yenye mpira mrefu unaoishia katika sikio moja. Aliibandika kifuani pa mgonjwa, juu ya moyo, akaweka mpira sikioni, na toka mwanzo wa operesheni hadi mwisho akasikia kila pigo huku mikono yake yote miwili ikiwa huru kwa kazi. Na kulikuwa na sindano ndefu. Mgonjwa akikosa mishipa, Emérence hakwenda mkononi wala mguuni. Alisimama kichwani, akainamisha meza ili damu ikimbilie juu, akagusa shingo pale misuli miwili inapoachana, akaingia. Damu nyeusi ikarudi, mrija mwembamba ukapita ndani ya sindano, kazi ikaisha. Mara ya kwanza Papa Philémon alimpimia kwa saa ya ukutani. Dakika nne. Akamwambia fundi wa umeme kwamba saa ile inachelewa.

Kisha, katika chumba cha wagonjwa mahututi, Emérence aliunganisha mrija ule wa shingo na bomba la kioo lililofungwa kwenye rula ya shule. Maji yakapanda na kushuka ndani ya bomba, taratibu, mgonjwa alivyopumua, na kwa kusoma rula alisema moyo umejaa au hauna kitu. Wauguzi walikuja kutazama hata saa zisizo za kazi zao. Papa Philémon naye alitazama, kwa mbali, mikono nyuma. Rula! Yeye alikuwa na rula nyumbani.

Jumapili ya kwanza hakuitwa. Ya pili hakuitwa. Ya tano, Gaston akaonekana mlangoni pa kanisa, na Papa Philémon akafunga kitabu cha nyimbo, akakitia mfukoni, akaweka mkono kwenye benchi la mbele tayari kuinuka. Gaston akapita kando ya ukuta, akafika benchi la nne, akaketi. Alikuwa amekuja kusali.

"Leo tena habakukuita," Rosalie alisema njiani.

"Bagonjwa bamepunguka."

"Eh. Bukavu yote imepona."

Siku iliyofuata Papa Philémon aliomba kuonana na Docteur Stanislas, mpasuaji mkuu, mtu mwangalifu aliyefunga viatu kwa mafundo mawili.

"Docteur, shingo haiko fasi ya kuchezea. Pale iko mapafu chini, iko mushipa ya kwenda ku kichwa. Siku moja ule mutoto atauwa mutu."

Docteur alifikiri, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kweli. Asubuhi ya pili, mbele ya watu wote wa chumba cha operesheni, akatoa uamuzi. Njia ya shingo itajaribiwa miezi mitatu. Ikitokea ajali moja, moja tu, wataiacha na kurudi kwenye kifundo cha mguu. Emérence akasema, "Ndiyo, Docteur." Papa Philémon aliandika tarehe.

Tangu siku hiyo akaanza kuangalia.

Kuangalia ndiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani. Mpasuaji anatazama tumbo, na lazima awepo mtu wa kutazama kama mwenye tumbo bado yupo: rangi ya kucha, mboni ya jicho, pumzi, mapigo, na kila dakika tano nukta moja kwenye fiche, karatasi ya mgonjwa. Sasa ujuzi huo wote aliuhamishia kwa Emérence. Alihesabu mara ngapi amebadilisha sindano. Aliona jasho la paji la uso lilipoanza na lilipokauka. Alijua kwamba kabla ya kuchoma hushusha pumzi mara moja, na kwamba mguu wake wa kushoto hukaa mbele. Miezi miwili na wiki tatu akamwangalia hivyo, shingo baada ya shingo, na hakuna kilichotokea. Kati ya wote aliowahi kuwaangalia, huyu ndiye alikuwa na hali nzuri kuliko wote, na habari hiyo haikumfurahisha mwangalizi.

Ilibaki wiki moja.

Alhamisi asubuhi akaletwa Ignace, mchimba dhahabu wa Mwenga, siku mbili juu ya lori, tumbo gumu kama ubao. Homa ya matumbo ilikuwa imetoboa utumbo. Macho yalikuwa yamezama, ulimi umekauka, mikono ni mifupa na ngozi tu. Papa Philémon aliomba ajaribu yeye kwanza. Alifunga mpira, akafumba macho, akachoma. Akachoma tena. Alipofika mara ya sita, Ignace alifungua jicho moja.

"Papa munganga, unatafuta nini pale?"

"Mushipa."

"Mimi nikichimba fasi moja mara sita na sione kitu, ninahama."

Wauguzi walicheka ndani ya vitambaa vya mdomo. Papa Philémon hakuhama, na mara ya saba akapata kimshipa nyuma ya kiganja, chembamba kama uzi, cha kutosha kumlaza mtu usingizi lakini si cha kumnywesha lita tatu za serumu. Wakamlaza kwa hicho. Dawa ya kulegeza misuli ikaingia nusu, nusu ikavuja chini ya ngozi, ikabidi Papa Philémon atoe dozi ya pili ndipo mpira wa pumzi upite kooni. Baada ya hapo kimshipa kikavimba, kikafa.

"Mademoiselle," alisema Docteur, "shingo."

Hapo ndipo Papa Philémon alipohamishwa. Kwa miaka kumi na tisa mahali pake palikuwa kichwani pa mgonjwa, kidole chake cha pete chini ya taya, pale mshipa wa uso unapovuka mfupa. Kilikaa hapo bila yeye kukikumbuka, na kilihesabu chenyewe. Sasa kichwani alisimama Emérence, na shingo na kifua vilikuwa vimepakwa dawa na kufunikwa vitambaa safi. Kengele ya chuma haikuwa na pa kukaa mpaka amalize.

"Papa Philémon, unisaidie, uniangalilie pouls ku mukono. Uniambie kila dakika."

Basi akakaa kwenye kigoda pembeni ya meza, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akapenyeza mkono wake chini ya kitambaa, akaushika mkono wa Ignace. Fiche aliiweka juu ya paja. Macho yake yakabaki kwenye mikono ya Emérence, kwa kuwa ilibaki wiki moja.

Mapigo aliyapata mara moja. Kwa mtu aliyekauka namna ile, yalikuwa mapigo ya kupendeza, yamejaa, yanakwenda mbio.

"Cent douze," alisema. Mia na kumi na mbili. Akaandika.

Emérence alikuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto shingoni, anatafuta njia. Akasita. Akainua macho kidogo.

"Cent douze, Papa?"

"Cent douze. Sikia, mimi ninahesabu tangu wewe uko mutoto."

"Sawa, Papa."

Alishusha pumzi mara moja. Mguu wa kushoto mbele.

"Cent douze," alisema Papa Philémon dakika ya pili. Sindano ikaingia. Damu haikurudi. Emérence akaivuta nyuma nusu, akabadilisha mwelekeo kwa unene wa unyasi. Papa Philémon akajikuta ameegemea mbele hadi kigoda kimesimama kwa miguu miwili. "Cent quatorze," alisema. Mia na kumi na nne. Damu nyeusi ikarudi. Mrija ukapita. Emérence akaushona kwenye ngozi, akafuta kifua, akabandika kengele, akaweka mpira sikioni.

Uso wake haukubadilika. Alisikiliza kwa muda wa kuhesabu kumi.

"Quarante-quatre," alisema. Arobaini na nne. "Docteur, usipasue. Ninamupa atropine."

Docteur aliyekuwa tayari na kisu akakishusha. Emérence alivuta dawa hiyo ya kuharakisha moyo, akaisukuma katika mrija mpya wa shingo, akafuatisha serumu. Kwa mkono ingechukua muda kufika, kama ingefika. Hapa ilikuwa mlangoni mwa moyo tayari. "Cinquante-deux," alisema. "Soixante-dix. Nonante. Nonante-six. Imesimama pale." Kutoka hamsini na mbili hadi tisini na sita. Rangi ikarudi midomoni mwa Ignace.

Docteur akainama, akasoma fiche kwenye paja la Papa Philémon. Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na mbili. Sindano. Mia na kumi na nne. Arobaini na nne.

"Ni shingo," alisema polepole. "Umegusa kitu mu shingo, Mademoiselle. Tutaongea mardi ku réunion. Sasa tufanye kazi."

Kwa hiyo ilikuwa imefika, ajali moja, ikiwa imebaki wiki moja. Papa Philémon alishikilia mkono wa Ignace kwa namna ambayo mtu hushikilia barua nzuri.

"Nonante-six," alisema Emérence tena, sikio lake kwenye mpira.

Chini ya kitambaa, Papa Philémon alikuwa anahesabu mia na ishirini na nane.

Alihesabu tena. Mia na ishirini na nane. Basi akainua ukingo wa kitambaa akatazama, na akaona kidole gumba. Kilikuwa chake, na kilikuwa kimelala juu ya mshipa wa Ignace, vidole vingine vinne vikiwa chini, jinsi mtu anavyomshika mtoto asikimbie barabarani. Sasa kidole gumba kina mshipa wake chenyewe, na huo unapiga. Ukikiweka juu ya mtu mwenye mapigo dhaifu, hutamsikia yeye, utajisikia wewe. Mwanafunzi anafundishwa hilo wiki ya kwanza. Katika hospitali ile aliyelifundisha ni Papa Philémon, kwa miaka kumi na tisa, akiwachapa vidole gumba kwa rula.

Aliondoa kidole gumba, akaweka cha shahada na cha kati. Yakaja mapigo mengine kabisa, membamba, ya mbali. Tisini na sita.

Hakuhitaji karatasi kuelewa yaliyobaki. Moyo wa Ignace ulipunguzwa mwendo na dozi ya pili ya dawa ya kulegeza misuli, ambayo ikirudiwa haraka hushusha moyo, ile aliyoitoa yeye mwenyewe, kabla shingo haijaguswa. Mia na kumi na mbili hazikuwa za Ignace hata dakika moja. Zilikuwa za mtu mzima wa miaka hamsini aliyekaa kwenye kigoda, hafanyi kitu, anamtazama mwanamke akifanya kazi.

Akautoa mkono chini ya kitambaa, akautia mfukoni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ignace alishonwa utumbo, akalala chumba cha mahututi na rula yake pembeni, na Jumamosi akaomba kasiksi, pombe ya ndizi. Akanyimwa, akatukana kidogo, na wote wakakubaliana kwamba amepona.

Jioni ya Alhamisi Rosalie aliweka mezani bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Papa Philémon alimweleza, kwa sauti ya chini ya kutosha, kwamba njia ya shingo imekwisha, Docteur atatangaza Jumanne.

"Ju ya nini?"

"Accident."

"Mugonjwa amekufa?"

"Hapana."

"Sasa ule dada amefanya nini?"

"Alichoma, na moyo ikashuka."

"Basi umefurahi."

"Sikufurahi hata. Mimi ninamuhurumia."

"Eh," alisema Rosalie, akitazama sahani. "Unamuhurumia, na umeongeza bugali mara tatu."

Jumanne chumba cha mikutano kilijaa. Papa Philémon alikuwa amejiandalia uso, ule ambao mtu huuvaa kwenye msiba wa jirani wa mbali. Docteur Stanislas aliinua fiche, akaisoma namba kwa namba, akasema kile wote walichokuwa wakikingoja: walikubaliana ajali moja, na ajali ndiyo hii. Alikuwa bado hajamaliza, Emérence akasimama.

"Docteur, ni mukono yangu," alisema. "Nilikosa mara ya kwanza, nikageuza sindano, labda nimesukuma sana. Kusikuwe mutu mwengine wa kulaumu. Papa Philémon alihesabu muzuri, kila dakika, asikose hata moja. Bila yeye, tungejua namna gani moyo ilishuka saa gani?"

Akaketi. Kukasikika lile guno la chini ambalo watu hulitoa kanisani mhubiri akigusa penyewe. Docteur alivua miwani.

"Miaka kumi na mbili niko mupasuaji," alisema, "na sijasikia mutu anasimama mbele ya benzake anasema ni mukono yangu. Banafunzi, mumeona? Diploma inafundisha sindano. Hii haifundishwe."

"Ule ni mutu," alinong'ona Maman Clémence, muuguzi mkubwa wa zamu, akajifuta jicho. Mwingine nyuma akasema kweli, kabisa, ni mutu. Wanafunzi wawili waliandika kitu.

Papa Philémon alikuwa amevumilia mengi. Alivumilia diploma, alivumilia Nguba na bustani yake yenye ziwa, alivumilia dakika nne. Lakini kosa lile lilikuwa lake. Alilifanya yeye, kwa kidole chake, na sasa mwanamke huyu alikuwa amelivaa mbele ya watu kama kikwembe kipya, na linampendeza. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, makosa yake mengine yote yalimletea maneno makali tu. Hili moja lililokuwa na heshima ndani yake, amenyang'anywa, kama alivyonyang'anywa mishipa.

Alijikuta amesimama.

"Ile kosa ni yangu!"

"Kaa, Papa Philémon," Docteur alisema kwa upole. "Roho yako nzuri tunaiona."

"Siko na roho nzuri! Nasema ile kosa ni yangu. Haiko ya huyu. Huyu hakukosa kitu!" Hayo ya mwisho yalimtoka kwa hasira kama ya mtu anayemshitaki mwizi. "Nilipima na kidole gumba."

"Na nini?"

"Na hii."

Akakiinua. Kilikuwa kidole gumba cha kawaida. Nyuma, mahali walipokaa wale aliowachapa kwa rula, kicheko kilianza, kikazimwa, kikaanza tena upande wa pili.

"Kwa hiyo cent douze," alisema Docteur, "ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa umekaa?"

"Ku kigoda."

"Ulikuwa na homa?"

"Hapana."

"Basi mutu anakaa ku kigoda, hana homa, moyo inapiga cent douze. Ju ya nini?"

Papa Philémon alitazama ukuta, ambao haukumsaidia. "Kulikuwa joto," alisema.

Ilikuwa mwezi wa saba. Nusu ya watu mle ndani walikuwa wamevaa sweta. Docteur hakubisha. Alizunguka meza, akaushika mkono wa Papa Philémon kwa vidole vitatu, akatazama saa yake dakika nzima, na watu wote wakangoja.

"Cent dix-huit," alisema. Mia na kumi na nane. "Ninakuamini."

Akarudi kitini, akatoa uamuzi. Moyo ulishushwa na dozi ya pili ya dawa, si na sindano. Ajali ya shingo hakuna. Njia ya shingo inabaki, si kwa wiki moja, inabaki tu, na kengele itabandikwa kifuani kabla ya jambo lolote, hata kama ni kwa kuitafutia nafasi chini ya pembe ya kitambaa. Na Papa Philémon atachukua kalamu nyekundu, asahihishe fiche kwa mkono wake mwenyewe: pale penye namba tatu za uongo aandike kwamba haikupimwa. Kuhusu kifundo cha mguu hakuna aliyesema lolote. Kilikuwa kimeondoka katika mazungumzo kama mtu aliyetoka bila kuaga.

Emérence alimfikia kwenye korido.

"Papa Philémon, aksanti."

"Usiniambie aksanti. Ungenyamaza, na mimi ningenyamaza."

"Ninajua, Papa."

Akasimama. "Unajua nini?"

"Vidole yangu ilikuwa ku shingo. Ilikuwa inasikia moyo inatembea polepole, polepole sana. Lakini wewe ulisema cent douze. Nikasema, muzee hawezi kukosa, ni vidole yangu njo inakosa. Nikachoma." Alipunguza sauti, kama mtu anayepita mahali pabaya. "Kisha, saa ninahesabu nonante-six mara ya pili, uliinua kitambaa. Nikaona kidole gumba."

"Na haukusema!"

"Niseme mbele ya batu bote? Mutoto kama mimi, juu ya muzee kama wewe? Bangesema ni wivu."

Papa Philémon alitazama nyuma kama kuna anayesikiliza.

"Na kama nisingesimama?"

"Ungesimama, Papa. Miezi tatu unaniangalia. Mimi pia niko na macho."

Akainama kidogo kwa heshima, akaenda zake kunawa mikono. Ignace alikuwa anangoja kubadilishiwa kitambaa cha shingo.

Papa Philémon alibaki koridoni. Kwamba ameshindwa kwa sindano, hilo alikuwa ameanza kulizoea. Lakini katika kuangalia! Kuwa na mgonjwa ambaye moyo wake umetoka arobaini na nne sasa hivi, mpira sikioni, Docteur juu ya kichwa chako, na bado upate nafasi ya kuona kidole cha mtu mwingine chini ya kitambaa. Kuona, na kunyamaza siku tano, na kujua ni neno gani litakalomwinua kitini. Miezi mitatu alidhani yeye ndiye anayeangalia.

Aliingia ofisini, akaomba kalamu nyekundu, akapewa. Akaandika mara tatu, kwa mwandiko mzuri, haikupimwa, haikupimwa, haikupimwa, akaweka sahihi. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemwita mahali popote, alikaa, akashika mkono wake wa kushoto kwa kidole cha shahada na cha kati, akatazama saa ya ukutani, ile inayochelewa.

Mia na sita. Yalikuwa yanashuka, lakini hayakuwa na haraka.